Naomba msaada: filamu zipi zinaijua Nairobi kwa miguu?

Mwalimu wa Changamwe aliuliza:

Nawasalimu wanajamvi wote. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Mombasa, na kila Jumamosi alasiri mimi na wanafunzi wapatao 20 wa kidato cha nne hutazama filamu moja, kisha tukaijadili kwa muda wa saa nzima. Mwakani wengi wao watakwenda Nairobi, baadhi kwa masomo na baadhi kwa jamaa zao kutafuta kazi, na karibu wote hawajapata kufika huko. Mji mkuu wa nchi yao wanaujua kwa picha tatu tu: jengo la mikutano la KICC, twiga mbugani na maghorofa nyuma yake, na mabati ya Kibera yaliyopigwa picha kutoka angani.

Juzi tulitazama filamu moja ambayo sitaitaja. Kijana anapanda matatu nambari 125, kondakta anaita abiria wa Rongai, na gari linaondoka. Picha inayofuata, kijana yuleyule anashuka kwenye Barabara ya Thika. Msichana mmoja darasani, ambaye mama yake anaishi Ongata Rongai, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, huyu amepotea?" Rongai iko kusini na Thika iko kaskazini. Wenzake walidhani kupotea huko ni sehemu ya hadithi, basi tukakaa tukingoja tuambiwe kwamba kijana amepotea, na hatukuambiwa hadi mwisho. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni filamu zipi zilizotengenezwa na watu waliotembea mji huo kwa miguu yao, wanaojua mtaa gani unapakana na mtaa gani, na nani hupita wapi saa ngapi.

Naomba mnitajie chache, za kuigiza au za hali halisi, za zamani au za sasa, za katikati ya jiji au za viungani mwake. Mkumbuke kwamba wanangu hawa wana miaka 17 na 18.

---

Abiria wa 58 alijibu:

Mwalimu, ukitaka filamu moja tu, chukua Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, na ambayo ilikuwa filamu ya kwanza Kenya kuiwasilisha kwenye mashindano ya Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni. Mhusika mkuu ni Mwas, aliyeigizwa na Joseph Wairimu, kijana wa kijijini anayeuza filamu za mapigano na kuwavuta wateja kwa kuziigiza barabarani. Anatamani kuwa mwigizaji, anaambiwa afike Nairobi katika Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, na binamu yake anamkabidhi redio ya gari ya bei kubwa aifikishe kwenye duka la vifaa vya umeme mjini. Siku hiyohiyo ya kufika anaporwa kila kitu, kisha anatiwa ndani, na huko korokoroni ndiko anakokutana na Oti, ambaye kundi lake huiba vipuri vya magari.

Kwa nini ninaipendekeza kwa swali lako? Mimi nilishuka Nairobi kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 19, katika stendi ya Machakos, nikitoka Kitui. Mjomba alikuwa amenionya nibebe begi kifuani, na kwamba hata iweje nisitazame juu, kwa sababu anayetazama maghorofa ni mgeni na mgeni ana watu wanaomngoja. Nilitazama juu. Sikuporwa mengi kama Mwas, lakini nilipoiona sehemu ile ya filamu mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, mahali ilipokuwa ile noti iliyochukuliwa.

Kisha angalia jambo la vipuri. Mtu ambaye hajaishi Nairobi anaweza kudhani kwamba wizi wa vioo na taa za magari umebuniwa na mwandishi. Tembea Nairobi leo ukague magari yaliyoegeshwa: utaona nambari ya usajili imechongwa kwenye kioo cha pembeni na kwenye taa, na mara nyingine kioo kimepigiliwa ribiti kisitoke. Wenye magari wanajua kwamba kioo kikiondoka asubuhi, huenda adhuhuri kikawa kinauzwa kule Barabara ya Kirinyaga, ambayo wenyeji bado tunaiita Grogan. Filamu ile imejengwa juu ya uchumi huo unaofahamika, wa fundi, mwizi na mnunuzi asiyeuliza maswali, na ndiyo sababu hadithi yake inaaminika hata pale inapokwenda mbio.

La mwisho, na kwangu ndilo kubwa, ni umbali. Kutoka River Road, mtaa wa biashara katikati ya jiji, hadi jumba lile la michezo ya kuigiza ni mwendo wa chini ya nusu saa kwa miguu. Mwas anaishi maisha mawili, ya wizi na ya jukwaani, na mipaka ya maisha hayo haitenganishwi na bahari wala jangwa bali na mitaa michache ambayo unaweza kuivuka kabla jasho halijakutoka. Hata hivyo ina damu, lugha kali na mambo ya wakubwa. Itazame wewe kwanza, peke yako.

---

Mzaliwa wa Makina alijibu:

Ndugu Abiria amesema vizuri, nami nitazungumzia Kibera, kwa kuwa Mwalimu amegusa zile picha za mabati kutoka angani, na mimi nilizaliwa chini ya mabati hayo.

Waandaaji wa filamu wanaifuata Kibera kwa sababu iko karibu na hoteli zao na kwa sababu inajulikana ulimwenguni. Nikiwa mdogo ilikuja timu moja ya wapigapicha siku ya Jumapili. Sisi watoto tulikuwa tumetoka kanisani, mimi nimevaa shati jeupe na soksi za kuvutwa hadi magotini, na tukajipanga mbele ya kamera kwa furaha kubwa. Mtu mmoja alituomba kwa upole tusogee pembeni, kisha akawaita watoto wengine waliokuwa wakicheza mtaroni. Sikuelewa siku ile. Mama alielewa, akaniita ndani akafunga mlango.

Ndiyo maana ninaipenda Soul Boy ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Hawa Essuman na kuandikwa na Billy Kahora. Ni fupi, saa moja hivi, na inafaa kabisa kwa wanafunzi. Kijana Abila, wa miaka 14, anaamka na kumkuta baba yake hajiwezi, akisema kwamba roho yake imechukuliwa. Abila anakwenda kwa Nyawawa, mwanamke wa kutisha, naye anampa majukumu saba ya kutimiza ili baba apone. Wasiokuwa Wajaluo huenda jina hilo likawapita hivihivi. Nyawawa katika imani ya watu wa Ziwa ni mizimu inayopita jioni kama upepo, na watu huifukuza kwa kugonga sufuria na mabati hadi iishie ziwani. Filamu imeichukua imani hiyo ya Nyanza na kuipandisha hadi vichochoro vya Nairobi, kwa sababu watu walipohamia mjini walihama na mizimu yao. Hilo hulijui kwa kuiangalia Kibera kutoka kwenye helikopta.

Tena kijana huyo anatembea. Anapita njia za reli, anapita vibandani, na anafika hadi nyumba ya matajiri ambako shangazi yake anafanya kazi za ndani. Rafiki yake Shiku ni Mkikuyu na yeye ni Mjaluo, na ilipigwa picha wakati majeraha ya ghasia za baada ya uchaguzi wa mwaka 2007 yalikuwa bado mabichi. Hakuna anayehutubia juu ya jambo hilo. Wanatembea pamoja tu, na kwa aliyekuwapo Kibera mwaka 2008, kutembea pamoja kulikuwa habari kubwa.

Kwa haki niitaje pia The Constant Gardener ya mwaka 2005, ya mwongozaji Mbrazili Fernando Meirelles, ambayo sehemu yake ilipigwa Kibera hasa, na walioitengeneza waliacha mfuko wa kusaidia elimu na huduma katika maeneo walikopiga picha. Ni filamu nzuri, na Rachel Weisz alipata Oscar kwa ajili yake. Lakini ndani yake sisi ni watu wanaopitwa. Waoneshe wanafunzi dakika kumi za filamu hiyo na dakika kumi za Soul Boy, katika vichochoro vilevile, uwaulize ni nani anayejua anakokwenda.

---

Binti wa Magomeni alijibu:

Nawasalimu kutoka Dar es Salaam. Sijaishi Nairobi, nimepita mara tatu tu, kwa hiyo sina la kusema juu ya nambari za matatu. Ninachoweza kuongeza ni From a Whisper ya Wanuri Kahiu, iliyotoka mwaka 2008, miaka 10 baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa hapo Nairobi tarehe 7 Agosti 1998.

Siku ileile na karibu saa ileile ubalozi wa Marekani wa hapa kwetu nao ulilipuliwa. Nilikuwa darasa la tano. Tulirudishwa nyumbani mapema, na bibi yangu alikaa sebuleni amekumbatia redio ndogo ya betri mapajani kama mtu anayebembeleza mtoto, akisikiliza hesabu ya waliokufa. Kwetu walikufa 11. Kwenu walikuwa zaidi ya 200, wengi wao wakiwa watu waliokuwa wakipita tu au wakifanya kazi katika majengo ya jirani. Miaka mingi baadaye nilipoitazama filamu hiyo ndipo nilipoelewa kwamba mji una mahali pake pa maombolezo, na kwamba watu hulazimika kupapita kila asubuhi wakienda kazini.

Hadithi yenyewe inamhusu Abu, ofisa wa usalama ambaye ni Mwislamu na mtu mkimya, na Tamani, msichana msanii anayetafuta ukweli kuhusu mama yake aliyepotea katika mlipuko. Nilipenda kwamba Abu hakufanywa mtuhumiwa kwa sababu ya dini yake wala hakufanywa malaika. Amebeba maswali yake mwenyewe kuhusu rafiki aliyempenda. Mwalimu, kwa kuwa wewe uko Mombasa, nadhani wanafunzi wako watakuwa na mengi ya kusema hapo kuliko katika filamu yoyote ya majambazi.

Jambo jingine ni lugha. Nairobi Half Life niliitazama na rafiki zangu wa hapa, sote tukijidai wenye lugha, na tukajikuta tunasoma maandishi ya tafsiri chini ya picha, kwa maana Sheng, lugha ya vijana wa mitaa ya Nairobi, imechanganyika na Kikuyu na Kiingereza kwa kasi ambayo sikio la Mtanzania halifuati. Mwanzoni nilikereka. Sasa naona wasingeweza kufanya vingine, kwa sababu filamu ya mji ule iliyosemwa kwa Kiswahili changu cha Magomeni ingekuwa na kosa lilelile la matatu ya Rongai kushusha abiria Thika.

---

Mzee wa Ngara alijibu:

Wanangu, nimewasoma wote kwa furaha. Mwalimu, hata hivyo sikubaliani na kipimo chako, nami nitaeleza kwa nini.

Mwongozaji ana haki ya kuhamisha mtaa. Anaweza kupiga picha Ngara akatuambia ni Eastleigh, ikiwa nuru ya Ngara ndiyo aliyoitaka au polisi wamemkatalia kwingine. Anachokosea ni pale anapohamisha maisha. Mtu anayelala Mathare na kufanya kazi ya ulinzi Westlands huamka saa kumi alfajiri, na wengi huenda kwa miguu kwa sababu nauli ya siku mbili ni unga wa familia. Akionyeshwa anaamka saa moja, anakunywa chai na mkate mezani, kisha anafika kazini viatu vikimeta, huo ndio uongo, hata kama kila barabara aliyopita ni ya kweli. Pimeni kwa saa na kwa shilingi kabla ya kupima kwa ramani.

Umetaja viungani. Filamu maarufu kuliko zote iliyopigwa pembezoni mwa Nairobi ni Out of Africa ya mwaka 1985, iliyopata tuzo 7 za Oscar. Mji wa Nairobi wa zama za ukoloni ulijengwa upya kwa ajili yake, na vijana wengi wa rika langu walipata vibarua vya kuvaa kanzu na kupita nyuma ya wazungu. Mwaka uliofuata nyumba ya Karen Blixen, mwandishi ambaye filamu hiyo inasimulia maisha yake, ikafunguliwa kuwa makumbusho. Milima ya Ngong katika filamu hiyo ni mizuri mno, na leo ukipanda matatu 111 unaifikia kwa muda mfupi msongamano ukikuruhusu. Lakini katika filamu hiyo mji ni kituo cha kushukia tu. Wanaoujenga na kuulisha hawana majina, isipokuwa wachache wa nyumbani kwake.

Ukitaka jibu la filamu hiyo, tafuta Saikati ya Anne Mungai, ya mwaka 1992. Msichana wa Kimaasai anakimbia ndoa ya lazima na kufuata Nairobi alikoambiwa kuna kazi, na kuona kwa macho yake ni kazi gani binamu yake anafanya. Ni miongoni mwa filamu za mwanzo zilizoongozwa na mwanamke Mkenya. Kwa wasichana wa kidato cha nne wanaoahidiwa "kazi" na jamaa wa mbali, sijui somo lililo karibu nao zaidi.

Msiisahau Riverwood. Watu wa River Road walipiga filamu kwa kamera ndogo, kwa Kikuyu, Kikamba, Kiswahili na lugha nyingine, wakazinakili kwenye santuri za video na kuziuza palepale mtaani. Picha zake mara nyingi ni duni na sauti inasikika upepo, lakini mashamba ya Kiambu, ugomvi wa viwanja na baba anayerudi usiku kutoka mjini vimo humo, na vimetazamwa katika mabasi ya usafiri wa mbali na watu ambao hawajaingia jumba la sinema hata siku moja.

Na majumba yenyewe? Ukisimama mjini utasikia makondakta wakiita Odeon, na madereva wakilalamikia foleni ya Globe. Vijana wanadhani ni majina ya steji na ya makutano ya barabara. Odeon na Globe yalikuwa majumba ya sinema, na mke wangu marehemu nilimpeleka Globe mara ya kwanza tulipotoka pamoja.

---

Abiria wa 58 alijibu:

Mzee wangu, pole kwa mama, na ahsante kwa kutukumbusha. Niongeze moja ya hali halisi: Softie ya Sam Soko, ya mwaka 2020, inayomfuata mwanaharakati Boniface Mwangi alipogombea ubunge wa Starehe mwaka 2017. Jimbo hilo linabeba katikati ya jiji pamoja na mitaa ya makazi, na kamera inaingia kwenye ngazi za maghorofa, milangoni na vibandani ambako mgombea anaombwa pesa na yeye hana nia ya kutoa. Kipimo chako cha shilingi kimo humo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nyumbani mke wake anamuuliza gharama ya yote hayo kwa watoto wao.

Kuhusu Rafiki ya Wanuri Kahiu, hadithi ya wasichana wawili wanaopendana, kwa kuwa mtu ataitaja: ilipigwa marufuku Kenya mwezi Aprili 2018, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku 7 kwa watu wazima. Maisha ya mtaa wa maghorofa yamo ndani yake kwa rangi ambazo sijaziona kwingine, lakini si ya darasani kwako, Mwalimu.

---

Mwalimu wa Changamwe alijibu:

Nawashukuru sana. Mzee wetu amenirekebisha, nami nimekubali: saa na shilingi zitatangulia ramani. Nitaanza na Soul Boy Jumamosi ijayo, nikifuatisha zile dakika kumi alizopendekeza ndugu wa Makina, halafu Saikati, halafu From a Whisper, kisha sehemu za Softie. Nairobi Half Life nitaitazama mimi na walimu wenzangu kwanza.

Nina ombi moja. Ningependa kuchora ubaoni njia ambayo mgeni kama Mwas angeipita kwa miguu kutoka stendi ya Machakos hadi jumba la michezo ya kuigiza. Yule msichana wa Rongai amejitolea kuichora, lakini katikati ya jiji haijui vizuri.

---

Abiria wa 58 alijibu:

Mwambie aanze stendi ya Machakos, ashike Barabara ya Landhies hadi aache soko la Muthurwa nyuma yake, aingie Haile Selassie na aende nayo moja kwa moja mpaka inapokutana na Barabara ya Moi. Pembeni hapo ndipo ulipokuwa ubalozi wa Marekani, na sasa pana bustani ya kumbukumbu yenye ukuta wa majina ya waliokufa. Dada wa Magomeni, ni hapohapo ulipoandika habari zake. Kisha apinde kulia, aifuate Barabara ya Moi kupita Jumba la Kumbukumbu za Taifa na bustani ya Jeevanjee, hadi Barabara ya Chuo Kikuu, apinde kushoto, na kulia tena kwenye Harry Thuku. Hoteli ya Norfolk itakuwa upande mmoja na jumba la michezo ya kuigiza upande wa pili, zinatazamana. Akitembea kama mwenyeji ni kama dakika arobaini. Akiwa na mzigo, aongeze robo saa, na begi alibebe kifuani.